Msafara wa Baiskeli Kilwa: Panga kwa Kumtazama wa Mwisho

Ukitaka kuanzisha msafara wa baiskeli wa watu wote hapa Kilwa, usianze na fulana wala bango. Anza na mtu mmoja: yule atakayekuwa nyuma kabisa. Huenda ni mama mtu mzima aliyejifunza baiskeli utotoni na hajaigusa tangu aolewe. Huenda ni mzee mwenye Phoenix ya chuma tupu, isiyo na gia, ambayo breki yake ya mbele imekwisha. Huenda ni binti wa darasa la sita anayeifikia pedeli kwa ncha za vidole. Saa ya kuondoka, umbali, upande wa upepo, mahali pa kupumzika, yote yaamuliwe kwa kumtazama yeye. Wenye nguvu na baiskeli nyepesi watajimudu popote mtakapowapeleka. Yeye akiteseka mara ya kwanza hutamwona mara ya pili, na shoga zake waliokuwa wakisubiri kusikia habari zake hutawaona kabisa.

Misafara mingi hufa kwa njia moja. Vijana wachache wenye gia wanaondoka pamoja na kundi, baada ya kilomita tatu hawaonekani, wanaketi chini ya mwembe huko mbele kusubiri, na wa mwisho anapofika akiwa hoi wao wanasimama, wanapangusa suruali na kuondoka tena. Waliopumzika ni wale wasiohitaji kupumzika. Mwezi unaofuata wanabaki wao kwa wao, halafu wanashangaa kwa nini watu wa Kilwa hawapendi baiskeli.

Watu wa Kilwa wanaipenda, na wanaitegemea. Simama Kivinje asubuhi vyombo vinapoingia uone wachuuzi wanavyofunga samaki kwenye keria kwa kamba za mpira na kuondoka kuelekea vijiji vya ndani kabla jua halijapanda. Baiskeli inabeba mkaa, inabeba madumu ya maji, inabeba mgonjwa kumpeleka zahanati. Kinachokosekana ni siku moja ya kuipanda bila mzigo, pamoja na majirani, kwa afya na kwa furaha. Hiyo ndiyo kazi yako.

Wachuuzi wawe walimu

Kabla ya kutafuta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, zungumza na wachuuzi wa samaki. Hakuna anayeijua barabara ya Kivinje kuliko mtu anayeipita na mzigo mzito mgongoni mwa baiskeli. Anajua ni wapi lami imemeguka pembeni, ni kona ipi basi hutokea ghafla, ni nyumba ipi ina mbwa, na ni bomba lipi linatoa maji. Anajua pia kuteremka mlima bila kuunguza breki, jambo ambalo mwenye baiskeli mpya mara nyingi halijui.

Waombe wawili wawe viongozi wa njia. Lakini uwe muungwana: asubuhi ya mchuuzi ni riziki yake, na kumwomba aiache bure ni kumwomba watoto wake washinde na njaa. Wapeni posho kutoka kwenye mchango wa kundi, au pangeni safari katika siku zao za mapumziko. Mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika, na siku hizo wengi mjini huwa na nafasi.

Jumamosi ipi

Chagueni siku isiyobadilika. Nairobi wana msafara uitwao Critical Mass, wenye jina lile lile la msafara ulioanza San Francisco mwaka 1992, na umekua kwa sababu mojawapo rahisi sana: hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtu hahitaji kuulizia. Hilo la siku maalumu igeni. Lakini siku yenyewe msiige. Kwetu Tanzania Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi wa mazingira, na viongozi wa mtaa watakuuliza kwa nini watu wako kwenye baiskeli ilhali wenzao wana fagio mkononi. Watakuwa na haki.

Mimi napendekeza Jumamosi ya kwanza. Ijumaa ina Sala ya Ijumaa, na Jumapili wengine wanakwenda kanisani. Waulizeni walimu wa madrasa ratiba yao kabla ya kuwaalika watoto, maana katika mitaa mingi asubuhi za mwisho wa wiki ni za chuo. Mwezi wa Ramadhani simamisheni safari za asubuhi. Anayefunga na kuendesha baiskeli juani atatafuta maji saa nne, na hakuna sababu ya kumtia mtu katika jaribu hilo.

Ondokeni mapema: mkutane saa 12 asubuhi baada ya watu kuswali, baiskeli zikaguliwe, na magurudumu yazunguke kabla ya saa 1. Saa 3 na nusu kila mtu awe chini ya kivuli. Pwani hii jua la saa 5 ni la mtu aliyeketi.

Jambo la vibali lisiwatishe, ila lisirukwe. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aambiwe kwanza kwa heshima. Afisa michezo wa halmashauri aandikiwe barua, na nakala ipelekwe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Sheria inataka maandamano yatolewe taarifa polisi angalau saa 48 kabla, na hata kama ninyi hamuandamani kwa ajili ya siasa yoyote, kundi la baiskeli 40 barabarani linaonekana kwa mbali. Trafiki aliyeambiwa mapema huja kuwasaidia kuvuka njia panda. Asiyeambiwa huja kuuliza maswali.

Upepo kwanza, ramani baadaye

Sehemu hii nitaikalia, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wengi, na haimo katika mwongozo wowote ulioandikwa Ulaya.

Barabara ya lami inayotoka Kilwa Masoko inaelekea kaskazini, inapita Mpara, inafika Singino penye njia ya kuingia Kivinje, kisha inaishia Nangurukuru kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi. Masoko hadi Nangurukuru ni takriban kilomita 30. Masoko hadi Kivinje ni zaidi ya kilomita 20. Itazame ramani: Masoko iko kusini, kwingine kote ni kaskazini yake. Sasa kumbuka pepo zetu. Kuanzia Mei hadi Septemba kunavuma kusi. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi. Katikati yake ni maleleji, upepo haujui unakotaka kwenda.

Mtu wa Masoko anayeanza safari mwezi wa Julai anasukumwa na kusi tangu mlangoni kwake. Anaona miguu imekuwa ya chuma. Anafika Mpara akicheka, anasema twende mbele, anafika Singino bado ana nguvu. Ndipo anapogeuza usukani, na upepo uliokuwa rafiki unamkaa kifuani. Alfajiri ulikuwa mwepesi, lakini jua likipanda nao hupanda. Mwenye gia anashusha gia. Mwenye Phoenix, baiskeli ya karibu kilo 20, anashuka na kukokota. Yule mama wa nyuma yuko kilomita 15 kutoka nyumbani, saa 4 asubuhi, na maji yake yamekwisha. Hapo ndipo mtu huapa kutopanda baiskeli tena.

Kwa hiyo shikeni kanuni mbili. Safari ya kwenda na kurudi, tangulizeni upepo usoni mkiwa bado na nguvu, ili uwasukume wakati wa kurudi. Safari ya kwenda tu, upepo uwe mgongoni mwanzo hadi mwisho.

Kwa kanuni ya kwanza, msimu wa kaskazi wa kuanzisha ni watu wa Masoko: wanakwenda kaskazini wakipambana, wanarudi wakipeperushwa. Msimu wa kusi wenyeji ni watu wa Kivinje: wanaelekea kusini kwanza. Mtaona kwamba mpango huu una faida ya pili. Miji miwili inapeana zamu ya kuwa wenyeji, na hakuna anayesema msafara ni wa wenzetu. Wageni wa upande wa pili waje na baiskeli zao kwenye lori dogo aina ya Canter, wamezilaza juu ya magunia matupu ili cheni na spoku zisigombane.

Kanuni ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kundi lenye watu wa kila aina. Kwa mwendo wa kilomita 10 hadi 12 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mtu wa nyuma akiwa hana wasiwasi, Masoko hadi Kivinje ni zaidi ya saa mbili ukihesabu na vituo vyake. Kwenda na kurudi ni nusu siku, na hiyo ni nyingi mno kwa asiyezoea. Kwenda tu kunamfaa. Juni au Agosti ondokeni Masoko, kusi iwapeleke hadi Kivinje, mle samaki, mtembee kati ya nyumba za kale na lile boma la Wajerumani, kisha Canter irudishe baiskeli na watu warudi kwa daladala. Januari fanyeni kinyume: tokeni Kivinje, mpande taratibu hadi Singino, kisha kaskazi iwashushe hadi Masoko.

Safari hii ya Januari ina zawadi mwishoni. Mnafunga baiskeli penye ulinzi, mnachukua kibali kwenye ofisi inayosimamia magofu, mnavuka kwa chombo hadi Kilwa Kisiwani. Wako watu waliozaliwa Masoko ambao hawajawahi kuingia ndani ya Msikiti Mkuu wala kusimama Husuni Kubwa, ilhali mahali hapo na Songo Mnara pameandikwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, pakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na pakatolewa humo mwaka 2014. Baiskeli zibaki ng'ambo. Kuta zile hazitaki mitikisiko, na kisiwa ni cha kutembea kwa miguu.

Lakini hiyo isiwe safari ya kwanza. Ya kwanza iwe fupi kiasi cha kuwafanya wenye nguvu walalamike. Masoko Pwani, kijiji cha wavuvi kilicho kama kilomita 5 kaskazini mashariki ya mji, panatosha kabisa. Njia ni ya vumbi, magari ni machache, na mbele kuna ufuo mpana. Ya pili iwe ya lami hadi Mpara na kurudi, ili watu wajifunze kukaa kushoto na kusikiliza magari. Ya tatu ndiyo mfikirie Kivinje.

Mkipanga kuendesha juu ya mchanga wa pwani, muulizeni mvuvi kuhusu maji. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bahari hupwa sana na mchanga uliobaki huwa mgumu kama sakafu; huku kwetu mara nyingi maji huwa yamekauka kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Wakati wa maji mafu hakuna njia, kuna mchanga laini tu wa kukokotea. Na mkitoka pwani, osheni baiskeli kwa maji baridi siku hiyo hiyo, mkaushe, mtie mafuta kwenye cheni na ekseli. Chumvi haingoji kesho.

Na barabara kuu? Kundi la watu mchanganyiko lisiingie barabara ya Dar es Salaam na Lindi. Mabasi yanakimbiza ratiba, malori ya saruji kutoka Mtwara yanapita usiku na mchana, msimu wa ufuta na wa korosho yanaongezeka mengine, na pembeni hapana nafasi ya baiskeli mbili. Nangurukuru iwe mwisho wa njia yenu. Masika nayo iheshimuni. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara hiyo ilikatika pande za Somanga na mikoa ya kusini ikatengwa na Dar es Salaam. Mvua inayobeba daraja haishindwi kubeba baiskeli. Mkikuta maji yanapita juu ya njia yakienda kasi, hata yakiwa ya kifundo cha mguu, geuzeni.

Fundi awe mtu wa kwanza kufika

Mpate fundi baiskeli mmoja mnayemwamini, mumlipe, naye afike kabla ya watu. Kila baiskeli ipite mikononi mwake. Akamate breki na kuisukuma: gurudumu la nyuma lisipofunga, baiskeli hiyo haiendi mpaka itengenezwe. Atikise usukani, atikise gurudumu kushoto na kulia kusikiliza gololi, akaze nati, avute cheni. Siti ipandishwe au ishushwe kulingana na mwenyewe. Hili la siti wengi hulipuuza, na ndilo linaloumiza magoti: mguu unapokuwa chini kabisa kwenye pedeli, goti libaki limekunjika kidogo tu.

Mimi nasimama imara kwenye breki kuliko kwenye kofia ngumu. Kofia ni njema sana, na zikipatikana chache wapewe watoto kwanza. Lakini ukiifanya sharti la kujiunga, umemfungia mlango mchuuzi, mzee na binti, umebaki na watu watatu kutoka hotelini. Breki ni sharti. Kofia tuzitafute, tuombe wafadhili, tuzigawe, huku safari zikiendelea.

Mfuko wa fundi uwe na pampu, vibandiko au kipande cha tyubu kuukuu cha kukata viraka, solusheni, msasa, spana za nati za magurudumu, bisibisi, kipande cha cheni, waya na kamba za mpira. Awe na tyubu mbili za inchi 28 kwa ajili ya Phoenix na jamaa zake, na mbili za inchi 26 kwa baiskeli za mtumba. Njia za vumbi zina mbigili, hasa baada ya mvua kukatika, na pancha tatu kwa safari moja si ajabu. Fundi anapoziba, kundi zima linasimama kivulini. Hayo ndiyo mapumziko yenu, yachukueni kwa moyo mkunjufu.

Namna ya kwenda

Mbele awepo kiongozi wa njia, nyuma awepo mfunga msafara, na hao wawili wawe na simu zenye salio. Hakuna anayempita wa mbele, hakuna anayebaki nyuma ya wa nyuma. Mfunga msafara awe mtu mpole, mwenye maneno mazuri, kwa kuwa atakuwa na wale waliochoka. Kazi hii msimpe kijana anayeangalia saa. Wanawake wawili wanaojua baiskeli wanaiweza vizuri sana, na uwepo wao unawafanya kina mama wengine waje.

Kwenye lami nendeni mmoja nyuma ya mwingine upande wa kushoto, mkiachiana nafasi ya baiskeli mbili. Mkiwa wengi, jigaweni vikundi vya watu kumi na muache pengo kubwa kati ya kikundi na kikundi, ili gari linalopita lipate mahali pa kurudi upande wake. Maneno yawe machache na yapokezwe kwa sauti kutoka mtu hadi mtu: "Gari nyuma!" "Shimo!" "Nasimama!" Fundisheni hayo kabla ya kuondoka, mkiwa mmesimama, watoto wayarudie mpaka wacheke.

Simameni kila baada ya nusu saa mwanzoni, na saa ya mapumziko ihesabiwe tangu wa mwisho anapofika. Yeye apate dakika zake 10 kamili za kukaa, kunywa maji na kupumua. Hakuna kuondoka kabla hajasema yuko tayari.

Vijana wenye mbio watafanywaje? Msiwafukuze, na msiwazuie mpaka wachukie. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na kila kijana aliyeona picha zile anatamani kujaribu. Waacheni waondoke nusu saa baada ya kundi, wakiwa na kiongozi wao, waende hadi Nangurukuru kama wana pumzi, wawakute wenzao mwishoni mwa safari. Walioanza nyuma wakafika pamoja na wote wamepata mazoezi yao, na hakuna aliyeachwa njiani.

Wale ambao hawajawahi kualikwa

Unguja, ukitembea mashamba, mwanamke juu ya baiskeli ni jambo la kila siku: anakwenda kazini, anampeleka mtoto shule. Hapa kwetu wako wanaoendesha, ila wengi waliacha wakiwa wasichana. Hawakukatazwa na dini. Waliacha kwa sababu ya macho ya watu, na kwa sababu baiskeli ya nyumbani ni moja na ni ya baba. Macho ya watu yanapungua wanawake wakiwa kumi pamoja. Baiskeli moja inapatikana kwa kuazimana.

Tengeni saa moja jioni, mara mbili kwa wiki, uwanja wa mpira wakati vijana hawachezi, mwalimu akiwa mwanamke. Chagueni baiskeli zenye fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, zenye kifuniko cha cheni. Buibui au dera likunjwe na kufungwa kwa kanga kiunoni ili lisiingie kwenye spoku. Suruali pana ndani inampa mtu amani. Siti ishushwe mpaka nyayo zote zikanyage chini, pedeli zifunguliwe, na mwanafunzi asukume kwa miguu mpaka ajue kujizuia. Kisha pedeli zirudi. Mtu mzima anayejifunza hivyo huanguka mara chache, na kuanguka ndiko anakokuogopa.

Wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu za kuzungushwa kwa mikono wawekeeni nafasi kwenye njia ya lami, katika kikundi cha katikati, si mwishoni. Mlima wa Singino ni mgumu kwao. Pangeni vijana wawili wa kusukuma, na muulizeni mwenyewe anataka kusukumwa kuanzia wapi. Asiyeona anaweza kukaa kwenye keria ya mtu mwenye nguvu na kuwa sehemu ya safari. Mzee asiyeweza kuendesha tena aombwe kufungua safari kwa dua na kuwasubiri mahali pa kufikia. Kwa wazee wetu hiyo si kazi ndogo.

Mtu anayetaka kuishia njiani aishie bila kuombwa maelezo. Mwanzoni mtajieni mahali pawili pa kugeuzia na mtu wa kurudi naye. Akijua mlango wa kutokea uko wapi, atathubutu kuingia.

Maji, chumvi, hospitali

Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji, na Canter au pikipiki ya nyuma ibebe dumu la ziada. Kabla ya kuondoka kula kitu chepesi, muhogo wa kuchemsha au vitumbua na chai. Njiani dafu linafaa kuliko soda.

Mchunguzeni anayenyamaza ghafla. Kizunguzungu, kichwa kuuma, ngozi ya moto iliyokauka jasho, maneno yasiyoeleweka: mtu huyo ashushwe, alazwe kivulini, amwagiwe maji shingoni na kwapani, apelekwe hospitali mara moja. Aliyechoka kwa jasho tu, mwenye akili timamu, mpeni maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hospitali ya wilaya ni Kinyonga, iko Kivinje. Masoko kuna kituo cha afya. Namba za dereva wa gari la dharura ziwe kwenye simu ya mfunga msafara, na gari hilo lijulikane kabla ya safari, mafuta yakiwa ndani.

Kwa walio Lindi mjini

Haya yote yanawafaa, ila ardhi yenu ni tofauti. Mji umekaa kati ya bahari na vilima, kwa hiyo wanaoanza wabaki barabara ya ufukweni asubuhi, ambako ni tambarare. Wakizoea, waende kaskazini hadi Mitwero na kurudi. Kusini kuna Mingoyo, pale barabara za Masasi na Mtwara zinapoachana, lakini magari ni mengi. Nendeni kama kikundi kidogo cha wazoefu. Kitunda, ng'ambo ya ghuba, kuna raha yake: mnavuka majini na baiskeli zenu na kupita vijijini kwenye njia za miguu, ingawa mchanga utawashusha mara kwa mara.

Tendaguru ninaitaja kwa sababu vijana huiulizia. Ni pale Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, ikiwamo ile inayounda kiunzi kirefu kilichosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Kutoka mjini ni mbali, njia ni mbovu na maji ni haba. Ni safari ya watu wachache wenye uzoefu, wakati wa kiangazi, wakiwa na mwenyeji wa vijiji vya huko. Msafara wa watu wote hauendi Tendaguru.

Baada ya kufika

Nunueni daftari. Andikeni nani alikuja, alitoka mtaa gani, alifika wapi, baiskeli yake ilipata tatizo gani. Mchango wa kila mtu, hata ukiwa shilingi 1,000, uandikwe na kusomwa mbele ya wote siku hiyo hiyo, pamoja na alicholipwa fundi na wachuuzi. Kundi linaloficha hesabu ndogo halitaaminiwa kwa kubwa. Watoto na wasio na kitu wasidaiwe.

Mkishapata miezi michache ya uzoefu, fanyeni safari moja kubwa kwa mwaka. Tarehe 3 Juni inafaa: Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, na kwetu inaangukia baada ya masika, joto limepungua, kusi imeanza kuvuma. Ondokeni Masoko, mwelekee Kivinje. Waalikeni wenzetu wa Lindi na Mtwara, na wapanda baiskeli wa Dar es Salaam wa chama cha UWABA, ambao wana historia ya kuandaa misafara mjini kwao na wanajua kuzungumza na serikali kuhusu njia za baiskeli. Hilo la njia za baiskeli nanyi mtalifikia. Halmashauri itakapokaa kupanga barabara, daftari lenye majina ya watu 60 wanaoendesha kila mwezi lina uzito kuliko hotuba.

Na siku ya pili baada ya kila safari, pigia simu wale walioishia njiani. Waulize miguu imeamkaje. Waambie tarehe ya mwezi ujao na mahali pa kukutana, na uwaulize kama wangependa msafara uondoke mapema zaidi.